Siku ya Kuwasha Moshi

Niliondoka Shume asubuhi moja ya mwanzo wa vuli, bila kumuaga mtu na bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kanga mbili, sweta la kijivu lililotoboka viwiko, na sufuria ndogo isiyo na mfuniko. Kwa miezi minane nilikuwa nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche ya msitu, nikichekecha udongo na kutandaza majani yaliyooza juu ya mbegu, na asubuhi ile niliamka nikaona kitalu hakina tena jambo la kunifundisha. Ndiyo tabia yangu. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu hiyo hiyo, nikiwa na hakika kwamba duniani kuna walimu wengi kuliko wale wanne waliokuwa pale. Kuhusu shule sijui kama nilikuwa sahihi. Kuhusu walimu nilikuwa sahihi kabisa.

Barabarani lilisimama lori lililobeba mabati. "Unaelekea wapi?" dereva akauliza. "Unakoelekea wewe." "Mimi naishia Rangwi." "Basi na mimi naishia Rangwi." Alicheka njia nzima. Rangwi nilikuta barabara inaendelea, na mimi barabara ikiendelea huwa siwezi kusimama, kwa hiyo nikaifuata kwa miguu mpaka ikaisha. Iliishia Mtae. Pale mlima umekatika ghafla kama mkate uliomegwa kwa mkono, na chini, mbali sana, nyika ya Mnazi imetandikwa, ya njano na kahawia, mashamba ya mkonge yakiwa yamepigwa mistari. Nilisimama ukingoni nikiwa sina pa kwenda tena ila angani.

Nyumba iliyokuwa karibu na ukingo ilikuwa na mama mmoja aliyekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Nilimsalimu kwa Kishambaa, "Onga mshi, mama," halafu nikaongeza shikamoo ili asinione nina haraka. Aliitikia marahaba bila kuinua macho, akamaliza ungo mzima, ndipo akanitazama. Huyo ndiye Mama Hoza.

"Umetoroka mume?"

"Sina mume, mama."

"Umetoroka nini basi?"

"Sijatoroka. Natembea."

"Watu hawatembei," akasema. "Watu wanakwenda mahali."

Hata hivyo alinipa kiazi, na baada ya kiazi akanipeleka upande wa nyuma wa nyumba, kwenye chumba ambacho ukuta wake ulikuwa bado unanuka udongo mbichi. Kilikuwa na kitanda kipya cha kamba, dirisha la mbao lisilopakwa rangi, na msumari mmoja ukutani wa kutundikia nguo. "Utalala humu mpaka mwenyewe aje," akasema. Nikauliza mwenyewe ni nani. Mwanamke kijana aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani alisimama kidogo, maji yakamwagikia begani, akaendelea na safari yake. Mama Hoza alirudi kwenye maharage yake.

Huyo mwenye ndoo alikuwa Zubeda, mke wa mwanawe. Mwezi uliopita, sasa nikiwa mzee, binti wa Zubeda alinipigia simu akaniambia mama amelala hakuamka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa barazani jioni nikiukumbuka mwaka ule na ushei tuliokaa pamoja, chumba kile, harufu ya udongo wake, na mambo niliyojifunza humo ambayo mpaka leo nayaeleza kwa ujasiri mbele ya watu waliosoma kunizidi. Kuzikwa kwake sikuwahi. Ninaandika haya kwa kuwa ndiyo kazi niliyobakiwa nayo kwake.

Haikuchukua siku nyingi kujua chumba ni cha nani. Ukuta kati yangu na jiko ulikuwa wa fito na udongo, na mtu akipumua upande wa pili unamsikia. Mama Hoza alizungumza na jirani wakimenya viazi. Hoza ameoa mwaka wa nne sasa, mke hajashika mimba hata moja. Kuna binti Rangwi, mpole, mama yake amezaa tisa. Mahindi ya masika yakishavunwa binti atakuja, na Zubeda atarudishwa kwao Mlalo, kwa heshima, bila kelele. Chumba kimeshakandikwa. "Sina ubaya naye," Mama Hoza alisema. "Angekuwa mvivu ningemtukana, nikapumzika. Si mvivu." Kisu kikaendelea kukatakata kiazi. Jikoni Zubeda hakuwepo. Alikuwa nje ya dirisha langu, amechuchumaa, anasikiliza kama mimi.

Tuliangaliana. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kitanda kizuri?"

"Kamba zake zimekaza mno," nikajibu.

"Usizilegeze. Mwache azilegeze mwenyewe." Akaziba mdomo kwa kanga, na mpaka leo sina hakika alikuwa analia au anacheka. Kuanzia hapo tukawa marafiki.

Sasa nieleze habari ya moshi. Hoza alikuwa mkata mkonge kule chini Mnazi, analala kambini, na msimamizi wake alimruhusu siku nne kila mwezi azipange apendavyo, mradi Jumapili nyingine afanye kazi. Nani azipange? Mama yake. Zubeda akimaliza siku zake na kujitwaharisha, asubuhi iliyofuata Mama Hoza alikwenda ukingoni na kaa la moto ndani ya kigae, akawasha kuni kavu, akafunika majani mabichi ya mkaratusi, na moshi mzito mweupe ukapanda ukanyooka. Hoza akiuona kutoka shambani anajua nyumbani wanamhitaji, anapandisha mlima siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba waliuona wote. Wakataji wenzake walimpigia miluzi: "Hoza! Huko juu chakula kimeiva!" Na kisimani huku juu wanawake hawakuwa na huruma zaidi. Nilikuwepo mmoja alipomwambia Zubeda, "Shoga, moshi wenu miaka minne unatukohoza, mtoto hatumwoni." Zubeda alijitwika ndoo akamjibu, "Kohoa taratibu, utapasuka kabla hajazaliwa," lakini njiani alikaza mwendo mpaka nikashindwa kumfuata.

Mama Hoza alikuwa na sababu zake, na zilikuwa na mpango. Kwake yeye mji wa mimba ni kama uwanja wa nyumba: mgeni unamkaribisha pakiwa pamefagiliwa. Damu imetoka, uchafu umetoka, mwanamke ni msafi na wazi, ndiyo siku mtoto anapoingia. Siku zikipita panaanza kuchafuka tena. Kwa hiyo mume aje mapema, akae siku nne, aondoke. Halafu siku kumi hivi kabla ya damu nyingine alimchemshia Zubeda mizizi, maji meusi machungu yanayobana tumbo mpaka mtu anajikunja, ili ndani pabaki safi na damu ije vizuri. Dini ilisema mke akishatwaharika ni halali kwa mumewe. Haikusema ndiyo siku ya kupata mtoto. Hilo la pili lilikuwa la Mama Hoza, na wengi pale kijijini walikubaliana naye. Ukiniuliza, hata mimi lilinielea vizuri. Lakini ninapoelewa jambo upesi huwa nalitilia shaka.

Nilianza kazi ya kufua na kupiga deki kwenye zahanati, maana balozi wa nyumba kumi alishakuja mara mbili kuuliza huyu msichana anazalisha nini katika taifa linalojenga ujamaa. Mkunga wa zahanati alikuwa Sista Damari, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kwaya, anayetembea kama aliyechelewa ibada. Kwa wiki ya kwanza nilimuuliza maswali mpaka akanitishia kunifunga mdomo kwa plasta. Wiki ya pili nikamuuliza moja tu: kwa nini mwanamke mzima na mwanamume mzima, wanaokutana kila mwezi siku ambayo mke ni msafi kabisa, wasipate mtoto.

Aliacha kukunja vitambaa. "Msafi kabisa maana yake nini?"

Nikamweleza moshi. Alinisikiliza, akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mlete," akasema. "Lakini kwanza ahesabu. Damu ikianza, siku ile aweke punje moja ya harage kwenye kibuyu. Kila siku moja. Damu nyingine ikianza amwage, ahesabu, aanze upya. Miezi mitatu."

Tulihesabu chini ya kitanda changu, kitanda alichoandaliwa binti wa Rangwi. Thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini na tatu. Miezi hiyo mitatu moshi uliwashwa mara tatu, Hoza alipanda mara tatu, mtu mtaratibu mwenye makovu ya mkonge mikononi, aliyekula maharage ya mama yake kimya na kumtazama mkewe kama anayeomba radhi. Mizizi ilichemshwa mara tatu. Mimi nilifukuzwa chumbani siku moja ili ndugu wa binti wa Rangwi wakione. Walipima dirisha kwa mikono. Walisema ni dogo.

Siku tuliyokwenda zahanati Sista Damari alikuwa ameshaiandaa meza. Alikuwa ametia vipande vya tofali chini ya miguu miwili, meza imeinama. Akamwambia Zubeda, "Weka harage moja pale juu." Zubeda akaliweka. Likaviringika mpaka ukingoni, likadondoka sakafuni tik, tik, tik.

"Hapo ndipo damu inapokatika," Sista Damari akasema. "Ndani ya mji wa mimba kumebaki hivi. Pembamba, patupu. Pasafi sana, ndiyo. Lakini hakuna kinachoshika." Akatandaza pamba, tabaka jembamba. "Mwili unaanza kutandika. Kuna kichocheo kinatoka kwenye vifuko vya mayai, kinauambia ukuta: jenga. Kila siku unanenepa. Mishipa midogo ya damu inaota humo kama mizizi." Akaweka harage. Lilitambaa kidogo likateleza. Akaongeza tabaka, na jingine. "Halafu yai linatoka. Wewe kwa hesabu zako ni siku ya kumi na nane hivi, tukihesabu tangu damu ilipoanza. Likishatoka kinakuja kichocheo cha pili. Hiki hakisemi jenga. Kinasema: lainisha, weka chakula." Akachukua kikombe cha maji ya sukari akayamwaga polepole juu ya pamba, ikanywea, ikawa kama uji mzito. Akaweka harage. Lilizama nusu yake, likatulia. Hata alipoitikisa meza halikutoka.

Zubeda alilisukuma lile harage kwa kidole.

"Yai likikutana na mbegu ya mume," Sista akaendelea, "halikimbilii kitandani siku hiyo hiyo. Linasafiri kwenye mrija siku tano, sita, linajigawa njiani: mbili, nne, nane, rundo dogo kuliko punje ya chumvi. Likifika linakuta hivi. Na hali hii haidumu, mwanangu. Ni siku chache. Likifika mapema halishiki, likichelewa kitanda kimeshaanza kukunjwa. Mgeni asipokuja mwili unakunja yote, unatoa nje, unaanza upya. Hiyo ndiyo damu. Si uchafu. Ni matandiko."

"Moshi unawashwa siku ya sita," Zubeda akasema taratibu. "Hoza anaondoka ya kumi."

"Siku ya kumi yai lako bado lina wiki nzima halijatoka. Mbegu ya mume inaweza kusubiri siku tatu, nne, tano ikijitahidi. Wiki haisubiri."

"Na ile mizizi?"

Sista Damari alianza kuikunja pamba. "Mizizi yote siijui, wala siwezi kukuapia. Ninachojua inabana tumbo. Na anakupa wakati gani? Wakati ambao, kama kuna mgeni, ndiyo kwanza anavua viatu."

Tulirudi nyumbani. Karibu na kisima Zubeda alisimama akasema, "Miaka minne, Yunisi. Miaka minne nanywa yale maji." Hakulia. Aliokota jiwe akalitupa kwenye jabali, likapotea huko chini upande wa Mnazi, hatukulisikia likitua.

Leo mjukuu wa Zubeda ni muuguzi, na yeye ndiye aliyenielezea yale ambayo Sista Damari hakuyajua au hakutaka kutuchanganya nayo. Ananiambia ule ukuta wa mji wa mimba hausubiri tu kama kitanda. Chembe zake zinavimba na kujaza akiba, uso wake unaotesha vinundu vidogo vinavyonyonya maji ili kiinitete kisogezwe karibu, na hata walinzi wa mwili, ambao kwa kawaida wangemshambulia mgeni yeyote, siku hizo wanabadilishwa kazi. Kiinitete nacho kinatuma ujumbe kabla hakijagusa, na ukuta unajibu. Nilimwambia hayo yote yalikuwemo kwenye pamba na maji ya sukari. Akacheka akasema, "Bibi, wewe hushindwi." Kweli. Katika jambo hili sijashindwa.

Lakini siku zile nilikaribia kushindwa, kwa sababu ya mdomo wangu. Zubeda aliniomba nisubiri atafute namna ya kumweleza mama mkwe wake. Mimi kusubiri sikujua. Kesho yake nilimkuta Mama Hoza kwenye migomba yake, ambayo ilikuwa mizuri kuliko yote pale juu. Alikuwa anakata majani makavu na magome, anayatandaza kuzunguka kila shina, tabaka juu ya tabaka, mpaka miguu yangu ilizama. Ilikuwa kazi yangu ile ile ya Shume, na nilijiona nimeipata silaha.

"Mama, mbona hapa hufagii?"

"Nifagie migomba? Una wazimu? Ukifagia chini mzizi mchanga utashika nini?"

"Na Zubeda je?"

Alinyooka. Mkononi alikuwa na gome la mgomba, refu na lenye maji. "Zubeda amefanyaje?"

"Unamfagia kila mwezi, mama. Unamfagia, halafu unashangaa hakishiki kitu."

Gome lilinipiga shingoni kabla sijamaliza. Aliniambia nichukue sufuria yangu, niende nikawafundishe walionizaa, maana hata tumbo langu mwenyewe halijawahi kufanya kazi. Zubeda alikuwa mlangoni, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, uso umempauka. Nilimwona akiniangalia jinsi mtu anavyomwangalia aliyemwagia maji moto wake wa mwisho. Nikaondoka. Ilikuwa Machi, mahindi yalikuwa yameshapandwa.

Siku mbili nilikaa kwa Sista Damari, napiga deki sakafu iliyokwisha kung'aa. Siku ya tatu Mama Hoza alikuja zahanati amejifunga kitambaa gotini. Nikamwamkia, akaniitikia kama anayetema mbegu. Akaingia ndani, mlango ukafungwa. Alikaa sana kwa mtu mwenye goti. Nilikuwa kwenye veranda na ndoo yangu, sikusikia neno hata moja, ila kitu kimoja tu: tik, tik, tik, juu ya sakafu. Kimya. Halafu tena: tik, tik. Kimya kirefu. Halafu hakikusikika tena kitu kudondoka.

Alipotoka nilimuuliza kama goti limepona.

"Nyamaza," akasema. "Beba sufuria yako twende."

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye migomba yake. Damu ya Zubeda ilipokatika mwezi ule Mama Hoza hakwenda ukingoni. Siku ya saba hakwenda. Ya nane, ya tisa. Kisimani wakauliza moshi uko wapi. Sisi wawili hatukujua amekata tamaa au amekubali; jikoni tulisikia tu kwamba kitanda cha pili kimeagizwa kwa fundi, na kitanda cha pili kinaweza kuwa na maana nyingi. Kibuyu kilipofika punje kumi na nne Zubeda akasema, "Nitauwasha mimi." Hakuna mwanamke mwenye mkwe hai aliyewahi kumwitia mumewe moshi pale Mtae. Ni kama kwenda sokoni ukipiga kelele kwamba unamtaka mume. Alijua hivyo. Alichukua kigae, akachukua kaa, tukaenda ukingoni asubuhi, ukungu umeziba nyika yote kama maziwa kwenye bakuli.

Tulisubiri ukungu upande. Ulipoanza kupasuka tukawasha. Majani tuliyookota yalikuwa makavu. Moto ukashika, moshi ukatoka mwembamba, wa bluu, ukakatwa na upepo. Nilikuwa nimepiga magoti napuliza, macho yananitoka machozi, niliposikia hatua. Zubeda aliganda. Mama Hoza alisimama nyuma yetu na furushi la majani kichwani.

Aliutazama ule moto wetu. Akatazama chini Mnazi. "Huo ni moshi wa kuchomea takataka," akasema. "Mwanangu atadhani nyumba inaungua." Akashusha furushi: mkaratusi mbichi, umeloa umande. Akatusukuma kwa nyonga, akayapanga mwenyewe, jani moja moja, mpaka moshi ukasimama mweupe na mnene kama nguzo.

"Mama," Zubeda akasema, "ni siku ya…"

"Ya kumi na nne. Unadhani ni wewe peke yako mwenye maharage?"

Hoza alifika jioni, anahema, anauliza nani anaumwa. Alikaa mpaka siku ya kumi na nane. Mizizi ile Mama Hoza aliipika kama kawaida, sijui kwa mazoea au kwa woga wa kuiacha. Nilimwona anaiepua, anaipeleka mpaka mlango wa Zubeda, anasimama. Halafu akageuka akaimwaga nyuma ya jiko, akaosha sufuria mara mbili.

Mwezi ule damu ilikuja. Ningependa kuandika kwamba haikuja, lakini ilikuja siku ya thelathini na mbili, asubuhi. Zubeda alifua nguo zake bila kumtazama mtu. Mahindi yalikuwa kiunoni. Nilimngoja Mama Hoza arudi kwenye mambo yake ya zamani, na wala nisingemlaumu. Yeye alikwenda kwenye migomba, akarudi na mkungu mdogo, akauweka mbele ya Zubeda, akasema, "Kula. Tunaanza kutandika."

Mwezi uliofuata moshi uliwaka siku ya kumi na tano, kwa sababu siku ya kumi na nne ilinyesha. Mwezi baada ya huo haukuwaka kabisa. Kibuyu kilifika punje thelathini na tatu, na nne, na tano. Kilipofika arobaini Zubeda alianza kuchukia harufu ya maharage. Hamsini na tatu, hamsini na nne, na sisi watatu tulikuwa tumekaa tu, hakuna aliyethubutu kulitamka neno lenyewe, tulipomwona Hoza anatokea kwenye njia ya jabali bila kuitwa, jasho linamtiririka, fulana imepasuka.

"Moshi uko wapi?" akauliza. "Nimeungoja wiki nzima. Mmemrudisha? Mama, mmemrudisha mke wangu?" Hakuwa amemwona, kwa kuwa Zubeda alikuwa amekaa nyuma ya ungo. Sijawahi kumsikia mtu mtaratibu akipiga kelele namna ile.

"Hauwaki," Mama Hoza akasema. "Na hautawaka mpaka mwakani. Kaa chini, unamtisha mgeni."

Alitazama huku na huku kumtafuta mgeni. Zubeda akaanza kucheka, na safari hii nilikuwa na hakika ni kicheko.

Nilipomuuliza Sista Damari kama ni siku za moshi zilizofanya kazi, au kumwagwa kwa mizizi, au bahati tu, alikataa kuchagua. "Mimi nilionyesha meza," alisema. Mimi ni jasiri kuliko yeye: nasema ni moshi na mizizi kwa pamoja, na atakayebisha aje. Binti wa Rangwi aliolewa Sunga mwaka huo huo, akapata dirisha kubwa. Mtoto alizaliwa Januari, wa kike, mzito, na kisimani yule mwenye kikohozi alikuwa wa kwanza kuleta kuni.

Arobaini ilipokwisha Zubeda na mtoto walihamishiwa chumba changu, kwa kuwa kilipata jua la asubuhi. Mama Hoza alisema kuna nafasi jikoni, nisiondoke. Zubeda hakunibembeleza. Alinijua. Alinikunjia kanga zangu, akanitilia kwenye sufuria maharage ya kile kibuyu, yote, mabichi. "Utayapika utakapofika," akasema. Nikamuuliza nitafika wapi. "Watu wanakwenda mahali," akajibu kwa sauti ya mama mkwe wake, na tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Nilishuka Lushoto, nikapita Soni, Bumbuli, nalala kwa watu wa makanisa na wa misikiti, mpaka siku ya sita nikafika Bungu. Sikuwa na sababu ya kuchagua Bungu. Ilikuwa mchana, mvua ya rasharasha, na nyumba ya kwanza niliyobisha hodi ilifunguliwa na mama mnene mwenye unga mikononi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia natafuta pa kulala, nafanya kazi yoyote. Alinikagua kuanzia sweta mpaka sufuria. Akafungua mlango wa pembeni tukachungulia ndani: magunia ya mahindi, jembe bovu, kuku anaatamia pembeni, sakafu ambayo haijaguswa mwaka mzima.

"Chumba kipo," akasema. "Ila hakijaandaliwa. Kinataka siku mbili tatu. Kuna nyumba nyingine kule mbele, kama una haraka."

Zamani ningeshafika kule mbele kabla hajamaliza kusema. Niliweka sufuria chini ukumbini, maharage yakagonga bati, nikakaa.

"Nitasubiri, mama," nikasema.